Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na wakuu wa vyuo vya tiba: Tunachagua ubingwa gizani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari nchini Uganda,
Kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno,

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia nikiwa daktari wa kawaida, asiye bingwa wa lolote, ninayefanya kazi katika kituo cha afya cha ngazi ya nne huku Nile Magharibi. Nilimaliza mwaka wangu wa uanagenzi, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, miaka mitatu iliyopita, na sasa nimefika pale ambapo kila daktari kijana wa nchi hii hufika: fomu ya maombi ya shahada ya uzamili iko mezani, na kwenye mstari mmoja mfupi natakiwa kuandika fani nitakayoishi nayo mpaka nitakapostaafu. Mstari huo umebaki wazi kwa wiki tatu. Naandika kueleza kwa nini, maana nina hakika kwamba yanayonizuia mimi yanawazuia wengine wengi, na sehemu kubwa ya hayo iko mikononi mwenu.

Nimechagua Kiswahili kwa makusudi. Nimezaliwa na kulelewa katika kambi za jeshi, ambako watoto wa Kiacholi, Kiganda, Kiteso na Kilugbara walicheza, wakagombana na kupatanishwa kwa lugha hii moja, nayo Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Tena Kiswahili kimo ndani ya habari yenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa hospitali ya Butabika kujifunza magonjwa ya akili. Siku ya pili daktari bingwa aliyekuwa akitufundisha alikwama kwa mgonjwa mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari, ambaye hakuwa ametamka neno tangu alazwe. Muuguzi alijaribu Kiganda, mwenzangu mmoja akajaribu Kiingereza, mzee akaendelea kutazama ukuta. Mimi nikasema, "Jambo, afande." Akageuka. Akaketi sawasawa kitandani, akaniuliza baba yangu alitumikia kikosi gani, na kwa muda wa saa nzima nikawa mkalimani kati ya mtu huyo na daktari wake, nikisikia mambo ambayo hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei ingeyaonyesha. Nilitoka pale nikijua ninataka kufanya nini maishani. Sikujua kwamba nchi yangu ingetumia miaka mitano iliyofuata kunisahaulisha.

Mwaka wa uanagenzi una miezi 12 na idara nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Sina ugomvi na idara hizo. Daktari atakayepangiwa Koboko au Kaabong lazima ajue kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua na kumwokoa mtoto mwenye malaria kali, na hakuna anayeweza kuyajua hayo bila kukesha wodini. Lakini tazameni kinachofuata: ukiwauliza madaktari wanagenzi wanakusudia kuwa mabingwa wa nini, karibu wote watakutajia mojawapo ya hizo nne. Huo si wito, waheshimiwa, hata kama tunapenda kuuita hivyo siku ya mahafali. Mtu huchagua alichokiona kikifanyika vizuri, na aghalabu huchagua kumfuata mtu fulani aliyemwona akikifanya. Mtaalamu wa usingizi, anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, tunamwona ng'ambo ya pazia la chumba cha upasuaji, kichwa chake tu. Mwanapatholojia, anayechunguza vipande vya mwili kuutambua ugonjwa, kwetu ni fomu tunayoijaza na kikopo tunachokipeleka maabara. Bingwa wa radiolojia, msomaji wa picha za eksirei, ni saini chini ya majibu. Daktari wa akili, katika miezi yangu 12, hakuwa hata saini.

Kuhusu usingizi nina la kusimulia. Mwaka jana, usiku wa mvua, nilikuwa na mama aliyehitaji kupasuliwa. Chumba kilikuwa tayari, damu ilikuwepo, mkunga hodari alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kumlaza usingizi, kwa kuwa ofisa wetu mmoja wa usingizi alikuwa amefiwa na alikwenda kuzika. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo sikuwahi kufundishwa kuidunga peke yangu, kwa sababu ile ile ya miezi 12 bila hata siku moja upande wa pili wa pazia. Tulimpakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Arua, muda wa saa mbili na zaidi kwa barabara ile na mvua ile. Mama alipona na mtoto alipona. Hata hivyo naikumbuka safari ile kila ninaposoma kwamba tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani, katika ripoti yake ya 2015, iliweka saa mbili kuwa kikomo cha mgonjwa kufika penye huduma kama hiyo, na ikapendekeza wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa uzazi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000. Sensa yetu ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Pigeni hesabu: ni zaidi ya mabingwa 9,000 wa fani hizo tatu tu, na ninyi mnajua kuliko mimi jinsi tulivyo mbali na hapo.

Sitaki ionekane kwamba vijana wa Uganda wanazikimbia fani ngumu. Historia yetu inasema kinyume. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kutokana na kazi iliyofuata, Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1967, na mpaka sasa wapo madaktari wetu wanaochagua saratani kwa sababu kuna mahali pa kusimama na walimu wa kuwatazama. Mbale nako, hospitali ya CURE ilipoanza kuwapasua watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, upasuaji wa ubongo ukaacha kuwa hadithi ya Ulaya. Mwanafunzi aliweza kupanda basi kutoka Kampala asubuhi na kuuona kwa macho yake kabla ya jioni. Jambo likionekana, watu hulichagua, hata liwe gumu kiasi gani.

Na jambo likivunjika mbele ya macho yao, huliacha. Mwezi wa Aprili 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, ikabidi wagonjwa watafutiwe njia ya kutibiwa Nairobi, na mashine mpya haikuanza kazi hadi karibu miaka miwili baadaye. Magazeti yaliandika sana juu ya wagonjwa, na ilikuwa haki. Hakuna aliyemfikiria daktari kijana ambaye mwaka huo alikuwa anajiuliza kama asomee tiba ya mionzi. Angejibiwa nini? Asomee kazi ambayo chombo chake hakipo? Anayechagua fani anachagua pia mashine, wauguzi, dawa na umeme wa fani hiyo. Mtaalamu wa figo bila mashine za kusafisha damu ni mshauri wa misiba.

Naja kwenye fedha, na nitalitaja jambo hili waziwazi maana kwa kawaida tunalizungukazunguka kwa adabu. Serikali ilifanya jambo la kushukuriwa ilipopandisha mshahara wa daktari wa kawaida hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Posho ya madaktari wanagenzi, iliyokuwa imefika milioni 2.5, ikateremshwa hadi milioni 1 mwaka uliofuata, na wengine wakakaa nyumbani miezi kadhaa wakingoja kupangiwa vituo. Sasa mwekeni kijana huyo mbele ya fomu ya uzamili. Anatakiwa kusoma miaka mitatu, katika fani nyingine zaidi. Kama hana ufadhili, analipa karo mwenyewe, huku akiendesha wodi usiku na mchana katika hospitali ya kufundishia kama mfanyakazi kamili, maana mnajua kwamba wanaosomea ubingwa ndio wanaozibeba zamu za hospitali hizo. Ana wadogo zake wa kusomesha. Mama yake kijijini anaamini kwamba mtoto akishakuwa daktari shida zimekwisha. Katika hali hiyo, atachagua fani itakayomrudishia karo upesi: ile inayomwezesha kufungua kliniki ya jioni, kupokea wajawazito wa malipo, kupasua Jumamosi katika hospitali binafsi. Huwezi kufungua kliniki ya jioni ya patholojia. Daktari wa usingizi hulipwa baada ya mpasuaji kulipwa, tena kwa kiasi anachoamua mpasuaji. Na wagonjwa wa akili walio wengi hawana cha kulipa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umeshawanyang'anya kazi.

Ushahidi kwamba jambo hili linaweza kubadilika tunao hapa hapa nyumbani. Chama cha madaktari wa usingizi wa Uingereza na Ireland kilipoanza, katika miaka ya 2000, kuwapa ufadhili Waganda waliokubali kusomea usingizi, fani iliyokuwa na watu wa kuhesabika kwa vidole ikaanza kupata wanafunzi mwaka hadi mwaka. Mioyo ya vijana haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliweza kusoma na bado akala. Linanisikitisha kidogo, nakiri, kwamba somo hilo tulifundishwa na chama cha watu wa mbali na si na bajeti yetu, ilhali nchi za Afrika zilikutana Abuja mwaka 2001 zikaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya.

Yapo mengine ambayo fedha haiyagusi. Daktari mwenzangu, mwanamke mwenye mikono mizuri kuliko yangu chumbani mwa upasuaji, aliulizwa kwenye usaili wa uzamili atazaa lini. Akanyamaza, akajibu kwa upole, akarudi nyumbani, na mwaka uliofuata akaomba fani nyingine. Hakuna takwimu itakayomhesabu kuwa mpasuaji tuliyempoteza. Mimi nami nilipomweleza baba mdogo kwamba nawaza magonjwa ya akili, aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Tumekusomesha miaka yote hii uwe daktari wa wendawazimu?" Baba mdogo ni mtu mwema. Alichokisema ndicho kinachosemwa majumbani, na pia, waheshimiwa, ndicho nilichowahi kukisikia kwa maneno ya kistaarabu zaidi kutoka kwa walimu wa tiba, waliotuambia kwamba mwanafunzi mwenye akili haendi huko.

Wakati huo huo mahitaji yako mlangoni kwangu. Kaskazini ya nchi hii ilipitia vita vya waasi wa Lord's Resistance Army tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2006. Hapa kwetu Nile Magharibi kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe mwaka 2016, na nchi nzima inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wakiwemo Wakongo wanaonieleza ndoto zao mbaya kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine tunayoelewana. Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ili kuiondoa ile ya mwaka 1964. Sheria ni nzuri, ila wanaobeba mzigo katika vitengo vya magonjwa ya akili vya hospitali za rufaa za kanda ni matabibu na wauguzi wa akili, watu ninaowavulia kofia, ambao mara nyingi hawana bingwa wa kumuuliza pale mgonjwa anapowashinda.

Basi mtaniuliza: kama unajua yote haya, kwa nini usiandike "magonjwa ya akili" kwenye mstari huo ukamaliza?

Kwa sababu sijui kama kuna kazi. Hapa ndipo nilipokusudia kuwafikisha. Namfahamu daktari aliyeacha kituo chake, akasoma kwa taabu, akapata ubingwa, akarudi katika hospitali ya rufaa ya kanda akiwa na cheti mkononi, akaambiwa kwamba nafasi ya bingwa wa fani yake ipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, lakini haijatengewa mshahara. Alingoja mwaka mzima akifanya kazi kwa cheo na malipo yake ya zamani. Leo yuko nje ya Uganda, na kila tunapolalamika kwamba mabingwa wanakimbia nchi namkumbuka yeye, aliyerudi mwenyewe akakuta mlango umefungwa. Baada ya kisa hicho, ni nani katika kituo chetu atakayejaza fomu kwa moyo mweupe? Nimeuliza ofisi ya wilaya, nikaelekezwa hospitali ya kanda. Nimeuliza hospitali ya kanda, nikaelekezwa Kampala. Kila mmoja alikuwa mkarimu, na hakuna aliyekuwa na orodha.

Nchini Marekani tangu mwaka 1952 madaktari wanaomaliza chuo hupangiwa mafunzo ya ubingwa kwa utaratibu mmoja wa taifa, ambapo kijana huorodhesha anakotaka na hospitali huorodhesha inayemtaka, kisha majina hulinganishwa. Uingereza hutangaza kila mwaka ni wangapi waliomba kila fani na nafasi zilikuwa ngapi. Siombi tuige mitambo yao. Nchi zile zina mapungufu yao, na mojawapo ni kuwachukua madaktari tuliowasomesha sisi. Ninachokitamani kutoka kwao ni kitu cha bei rahisi mno: mwombaji anajua idadi ya nafasi kabla hajaomba.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba Wizara itoe kila mwaka, kabla ya vyuo kufungua maombi ya uzamili, orodha ya nafasi za ubingwa zilizo wazi na zenye mshahara katika kila hospitali ya rufaa, kuanzia Mulago hadi Moroto, Kabale na Arua, ikionyesha pia zile zitakazofunguka katika miaka mitatu au minne ijayo kutokana na wanaostaafu. Taarifa hizo mnazo, kwa kuwa huwezi kulipa mishahara bila kujua unamlipa nani. Ikitokea kwamba fani fulani haina hata nafasi moja, semeni hivyo pia. Kijana atakayeichagua hata hivyo atakuwa amechagua macho yakiwa wazi.

Ufadhili nao uifuate orodha hiyo. Kama Soroti inahitaji daktari wa usingizi na fedha ya mshahara wake ipo, basi anayelipiwa karo asomee usingizi na ajue tangu siku ya kwanza kwamba Soroti inamngoja, pamoja na mashine atakazozitumia. Mkataba wa kumfunga mtu arudi kutumikia ni wa haki pale tu upande wa pili nao umefungwa. Mikataba tuliyoizoea inamfunga daktari peke yake.

Kwa Baraza na vyuo naomba mwaka wa uanagenzi upasuliwe kidogo. Wiki mbili za usingizi, wiki mbili za akili, siku chache za kukaa karibu na mwanapatholojia akitazama kile tulichokikata sisi, hazitaiua idara yoyote kati ya zile nne. Najua litakalosemwa, kwamba hospitali nyingi za uanagenzi hazina mabingwa wa fani hizo wa kuwafundisha. Ni kweli, na ndiyo maana ya kuanza na zile chache zilizo nao, na kuwapeleka wengine Butabika au Mulago kwa majuma hayo kama tulivyopelekwa tukiwa wanafunzi. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, kimeonyesha pia njia nyingine: wapasuaji wake hujifunza wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa, miaka miwili ya msingi na mitatu ya fani, bila kulazimika kuhamia chuoni na kuacha wodi nyuma yao. Sioni kwa nini fani nyingine zisijaribiwe kwa mtindo huo katika hospitali za kanda, hasa udaktari wa dharura, ambao Mbarara na Makerere zimeanza kuufundisha katika miaka ya karibuni, huku majeruhi wa bodaboda wakiwa kila mahali.

Juu ya usaili sina la kuongeza zaidi ya hili: swali la uzazi liondolewe, na atakayeliuliza aulizwe.

Maombi ya chuo nilichokilenga yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Nimeshaambatisha vyeti, nimeshalipia ada ya fomu benki, na barua za wadhamini wawili zimo kwenye bahasha. Daktari bingwa aliyetufundisha Butabika ni mmojawapo wa wadhamini hao. Nilipompigia simu aliniambia kwamba mzee yule bado humuulizia yule mtoto wa kambini kila anapokwenda kuchukua dawa. Kama kuna mtu katika ofisi zenu anayeweza kuniambia kabla ya tarehe hiyo iwapo hospitali yoyote ya kanda, hata iliyo mbali na kwetu, itakuwa na mshahara wa daktari wa akili baada ya miaka mitatu, namwomba aniambie. Nitaujaza mstari siku hiyo hiyo.

Wenu mtiifu,

Daktari wa kituo cha afya cha ngazi ya nne,
Nile Magharibi, Uganda